Umejaza masaa, bosi kaidhinisha, mbona hela haijaingia? Tuelewane kuhusu taimushiti ya kwenye mfumo

Siku ya mshahara, saa tatu usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mlinzi wa geti wa hospitali binafsi ninayofanyia kazi ya mishahara, mzee mtu mzima, miaka yote nikifika namkuta ameshafika. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, samahani na usiku huu, mshahara umeingia ila huu sio wangu." Nikafungua laptopu hapo hapo kwenye meza ya chakula nikatafuta jina lake, nikaona zamu 11 zimepangana, kila moja imeandikwa kuingia 12:00, kutoka 12:00, jumla saa 0.00, yaani mfumo umesoma kwamba siku 11 huyu mtu hakutia mguu kazini, ukamkata. Na pembeni ya kila mstari kuna tiki ya kijani. Msimamizi wake ameidhinisha zote.

Hiyo tiki ya kijani ndiyo imenifanya niandike. Kila mwisho wa mwezi kwenye magrupu ya kazini maswali ni yaleyale, nimejaza masaa yangu yote mbona ovataimu haijaingia, bosi kasema kaidhinisha mbona HR wanasema hawaioni, nani kabadilisha masaa yangu, na kila mtu anajibiwa neno moja tu, "ni sistimu hiyo." Mimi nimekaa kwenye hii kazi miaka tisa na nakwambia mara nyingi sio sistimu. Ni watu wawili, mfanyakazi na meneja wake, wamepewa kitu cha kutumia pamoja na hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza kila mmoja anasema nini anapobonyeza. Naomba nieleze polepole, maana hela zinazopotea humo ni hela za watu waliokesha.

Tuanze na majina

Taimushiti ni karatasi ya masaa. Zamani ilikuwa daftari la mahudhurio pale mapokezi, unaandika jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, unasaini, na kalamu imefungwa kamba isiibiwe. Sasa daftari limehamia kwenye simu na kompyuta, lakini mabadiliko makubwa sio hayo, mabadiliko makubwa ni kwamba karani wa kukuandikia hayupo tena. Unaingia mwenyewe kwa pasiwedi yako, unajaza masaa yako, unatuma, na ndiyo maana wanaita mfumo wa kujihudumia. Meneja wako anayaona, akiridhika anaidhinisha, wengi tunasema anaaprovu. Halafu inakuja peiroli, yaani ile hesabu yenyewe ya mishahara ya watu wote, inachukua masaa yaliyoidhinishwa inayageuza shilingi, inatoa kodi na makato, inapeleka benki. Peiroli haikujui wewe wala haimjui bosi wako, inachojua ni namba iliyoletewa.

Walio serikalini wanaijua ESS ya Utumishi, wanaombea humo likizo na uhamisho, na PEPMIS wanayojazia utendaji wao. Kujihudumia ni kulekule, ila msichanganye, PEPMIS inauliza umefanya nini, taimushiti inauliza umefanya kwa masaa mangapi.

Sasa chukua daftari la mkopo dukani kwa Mangi. Umechukua sukari kilo moja na sabuni, Mangi anaandika, wewe unaangalia anachoandika, mwisho wa mwezi mnakaa mnahesabiana. Taimushiti ni daftari hilohilo limegeuzwa. Anayekopesha ni wewe, umekopesha masaa yako, kwa hiyo anayeandika ni wewe, na meneja ndiye anayeangalia kwa niaba ya kampuni na kusema ni kweli, tumechukua. Ukiandika vibaya umejipunja mwenyewe, na yeye akisaini bila kusoma amekubali deni asilolijua au ameshuhudia kwamba deni la kweli halipo, kama ilivyomkuta mzee wa getini. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, wanadhani idhini ya bosi ni ruhusa au hisani. Ule ni ushahidi. Amesema "nimeona, ni kweli."

Kidole sio taimushiti

Hapa pia pana vurugu. Mtu anasema mimi naweka kidole kwenye mashine ya mlangoni kila siku asubuhi na jioni, kwa nini tena nijaze masaa?

Mashine ya kurekodi watu kazini ina zaidi ya miaka 130. Mwaka 1888 sonara mmoja wa Auburn, New York, Willard Bundy, alibuni saa ambayo kila mfanyakazi ana ufunguo wenye namba yake, anauchomeka, saa inachapa muda kwenye karatasi, na kampuni iliyotokana na saa ile ni moja ya zile zilizokuja kuungana mwaka 1911, na kampuni ya muungano huo ikabadili jina kuwa IBM mwaka 1924. Mashine ile ilijua kitu kimoja tu, ufunguo namba fulani umechomekwa saa fulani. Mashine ya vidole ya leo inajua hichohicho, kwamba huyu mtu alikuwa mlangoni muda huu. Haijui ulikuwa unafanya nini katikati.

Tuseme umetoka kazini saa kumi na mbili jioni lakini mvua imeshika na foleni ya Morogoro Road haisogei, ukakaa ofisini unapiga stori mpaka saa mbili kasoro dakika ishirini, ukaweka kidole ukaondoka. Mashine inaonyesha dakika 100 za ziada, na hakuna aliyekuagiza kazi. Upande wa pili, nesi ameitwa na daktari akiwa tayari ameshaweka kidole cha kutoka, akarudi wodini lisaa lizima, mashine haina habari. Kwa hiyo masaa ya kuwepo ni kitu kimoja na masaa ya kazi ni kitu kingine, na taimushiti inataka masaa ya kazi. Mifumo mingi inachukua muda wa kidole inaujaza kama mapendekezo halafu inasubiri wewe uthibitishe au urekebishe na uandike sababu. Usipoenda kuthibitisha, mapendekezo yanabaki mapendekezo.

Saa yetu na saa yao

Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu linatuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili na sidhani kama waliotengeneza hiyo mifumo waliwahi kuliwaza. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Mfumo unahesabu kuanzia usiku wa manane. Sasa mtu kichwani mwake ameingia saa mbili ametoka saa kumi na mbili, akiwa na haraka anaandika 2:00 na 12:00, anatuma. Angalia kinachotokea: kutoka 02:00 mpaka 12:00 ni masaa kumi, na kutoka 08:00 mpaka 18:00 ni masaa kumi vilevile. Jumla imekaa sawa! Meneja anaangalia jumla, anaona kumi, anaidhinisha. Lakini mfumo umeona mtu kaanza kazi usiku, na sheria yetu ya kazi hapa Tanzania inasema usiku ni kuanzia 20:00 mpaka 06:00, kwa hiyo masaa manne yameingia posho ya usiku ambayo hakustahili. Miezi mitatu baadaye mkaguzi wa ndani anaikuta, mtu anaambiwa arudishe hela na pengine anaitwa mwizi, wakati kosa lake ni kufikiri kwa Kiswahili.

Na mlinzi wetu je? Ameingia saa kumi na mbili jioni, ametoka saa kumi na mbili asubuhi. Kaandika 12:00 na 12:00. Kwa mfumo huo ni muda uleule, sifuri. Wiki za nyuma alikuwa anajaziwa na mwenzake kijana anayeijua vizuri, kijana akaenda likizo, mzee akajaza mwenyewe, tena kwa uangalifu sana, ukiangalia hakuruka hata zamu moja.

Dada yake na hilo ni nukta. Umefanya ovataimu masaa mawili na dakika arobaini na tano, unaandika 2.45. Kwenye mifumo mingi baada ya nukta sio dakika, ni sehemu ya saa, kwa hiyo 2.45 ni masaa mawili na dakika 27. Ilitakiwa 2.75. Dakika 18 zimepotea na hutaona popote zimeandikwa kwamba zimepotea.

Tuzipige hesabu kwa hela. Chukua mshahara wa msingi wa 585,000 kwa mwezi. Jedwali la kwanza la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hii ya Tanzania Bara maana Zanzibar wana ya kwao ya 2005, linasema kupata malipo ya saa gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara masaa yako ya kawaida ya wiki. Masaa 45 mara 4.333 ni 195. Kwa hiyo saa yako moja ni 3,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, 4,500. Ukipoteza dakika 18 kwa siku 12 ni dakika 216, masaa matatu na dakika 36, hiyo ni 16,200 imeondoka kwa sababu ya nukta. Kwa mtu wa mshahara huo ni nauli ya daladala ya siku nyingi.

Masaa tisa, sio kumi

Kuna ugomvi mwingine ambao hauishi. Mtu ameingia 08:00 ametoka 18:00, anasema nimefanya kazi masaa kumi, kawaida ni tisa, nidai saa moja. Mfumo unaonyesha 9.00, anasema wameniibia. Hapana, hapo hujaibiwa. Sheria inataka mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya masaa matano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mwajiri halazimiki kulipia muda huo. Mifumo mingi imewekwa itoe hiyo saa yenyewe. Kumi toa moja ni tisa, mara siku tano ni 45, na ndiyo kikomo cha wiki.

Lakini, na hii lakini ni muhimu sana, kama wakati wa mapumziko ulitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi, muda huo unalipwa. Nesi aliyekula wali wake kwenye meza ya wodi huku anapokea simu na kuangalia mgonjwa hakupumzika. Mlinzi aliye peke yake getini hakupumzika. Mfumo hauwezi kulijua hilo, utakata tu saa yake kila siku kama ulivyoagizwa, mpaka mtu aende kwenye siku hiyo aondoe alama ya mapumziko na aandike "sikupokelewa," yaani hakuna aliyemshikia zamu apumzike. Mifumo mingi inayo sehemu hiyo, wengi hawajawahi kuonyeshwa. Waulize HR wa kwenu iko wapi, wakuonyeshe kwa kidole.

Usiku una 5% ya mshahara wa msingi juu ya kila saa, kwa mfano wetu ni shilingi 150. Sikukuu ni mara mbili, 6,000 kwa saa. Na hapa pana mtego wa zamu zinazovuka usiku wa manane. Umeingia tarehe 6 Julai saa 18:00 umetoka Saba Saba saa 06:00. Baadhi ya mifumo inahesabu zamu nzima kwa tarehe uliyoanzia, kwa hiyo sikukuu haipo, mingine inakata usiku wa manane, masaa sita yanaenda kwenye sikukuu. Sheria inasema kila saa iliyofanyika siku hiyo ya sikukuu, kwa hiyo yale masaa sita ni yako mara mbili, 36,000 badala ya 18,000. Zamu ya namna hiyo iangalie mwenyewe kwenye salari slipu, usiuachie mfumo.

Kusevu sio kutuma

Hii ni fupi kwa sababu ni rahisi, ila ndiyo inayoongoza kwa vilio. Kuna kitufe cha Sevu na kitufe cha Sabmiti. Ukisevu umeandika kwenye daftari lako ukalifunga ukaweka chini ya mto. Unaiona kila ukifungua, bosi haioni. Ni rasimu. Ukisabmiti ndiyo imeenda mezani kwake na wewe huwezi tena kuigusa mpaka airudishe. Akiidhinisha inasubiri peiroli. Peiroli ikiichukua inafungwa, hapo hata bosi hawezi kuigusa, inabaki kusoma tu.

Na kurudishwa sio kukataliwa. Nimeona watu wamerudishiwa taimushiti kwa sababu ya tarehe moja, wakanuna, wakaacha kuituma tena, mwezi ukafungwa. Ikirudi soma alichoandika, rekebisha, tuma. Kama kakuandikia "sikukubali hii ovataimu" hiyo ni habari nyingine na nitaifikia.

Halafu kuna tarehe ya kufunga. Mshahara ukilipwa tarehe 28 peiroli haiwezi kusubiri masaa ya tarehe 27, kwa hiyo sehemu nyingi wanafunga 20, na masaa ya kuanzia 21 yanaenda mwezi unaofuata. Ni kama pantoni la Kigamboni, ukikuta geti limefungwa limeondoka bila wewe, ila linarudi. Masaa yaliyochelewa hayafi, yanakuja kama malimbikizo mwezi wa mbele. Kwa hiyo kabla hujasema ovataimu yangu ya tarehe 23 imeliwa, uliza dirisha lilifungwa lini.

Meneja anasaini nini hasa

Nataka niseme na mameneja kidogo. Nafahamu mna kazi zenu, na mnakumbuka taimushiti HR akipiga simu saa kumi jioni ya siku ya kufunga kwamba mmebaki nyie tu. Mnafungua, majina 43, kuna kisanduku juu kabisa cha kuchagua zote, mnakitia tiki, mnaidhinisha, dakika moja. Msimamizi wa walinzi alifanya hivyohivyo na sio mtu mbaya, anawapenda watu wake. Lakini sifuri 11 zilikuwa mbele ya macho yake.

Idhini inajibu maswali matatu tu. Huyu mtu alikuwepo? Hii kazi ya ziada tulikubaliana? Masaa haya yanaenda kwenye idara au mradi upi? Mengine yote, asilimia, kodi, makato, sio kazi yako, peiroli itafanya. Ukiwa na watu 43 huna haja ya kusoma kila mstari, tafuta tu yaliyokaa vibaya, sifuri, zaidi ya 12 kwa siku moja, siku ya mapumziko, mtu ambaye unajua yuko likizo na bado ana masaa. Hata dakika kumi hazifiki.

Kwa nini lazima awe mtu tofauti na aliyejaza, na anayelipa awe tofauti na wote wawili? Kwa sababu nchi hii tunakumbuka. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kukuta watumishi hewa zaidi ya 10,000, majina yanayolipwa na watu hawapo. Jina hewa haliwezi kuishi kama kila mwezi kuna mtu anayelazimika kusema kwa jina lake kwamba nilimwona huyu kazini. Ndiyo maana mfumo mzuri unamkatalia meneja kujiidhinishia ya kwake, yanapanda kwa bosi wake. Na ndiyo maana kumpa msaidizi pasiwedi yako akuaprovie ni kosa kubwa, umempa saini yako. Ukienda likizo kuna sehemu ya kukaimisha idhini kwa mtu kwa tarehe maalum, itumie. Nimeona idara nzima imekosa ovataimu kwa sababu meneja alikuwa Hijja na hakuna aliyekaimishwa.

Je, bosi anaweza kubadili masaa yangu kimyakimya? Kwenye baadhi ya mifumo anaweza kubadili, ila kimyakimya ni ngumu. Mifumo mingi inatunza historia ya kila mstari, nani aliandika nini, nani alibadilisha, saa ngapi, ilikuwa ngapi ikawa ngapi. Ukiona masaa yako yamebadilika usianze kwa kulaumu kwenye grupu, omba historia ya mstari huo. Na meneja, ukiona kosa rudisha na maelezo aliyeandika arekebishe mwenyewe, usirekebishe wewe. Maneno ni yake.

Haya mambo ya kila mtu ajihudumie yanaweza kuharibika kwa kiwango cha kutisha kama watu hawakufundishwa. Canada, nchi tajiri, mwaka huohuo wa 2016 mwezi wa pili serikali yao ilianza mfumo mpya wa mishahara unaoitwa Phoenix, unaohudumia karibu watumishi 300,000, wakapunguza watu wa mishahara waliokuwa wanajua kazi, wafanyakazi na mameneja wakatakiwa kuingiza na kuidhinisha mengi wenyewe. Wengine walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa, na mwaka 2018 mkaguzi mkuu wao aliuita mradi ule kushindwa kusikoeleweka. Waliopewa kazi ya kuutengeneza na kuuweka mfumo ni IBM, walewale wa ufunguo wa Bundy. Kompyuta ikipokea kosa hailipunguzi, inalilipa kwa wakati.

Bosi akikataa, imeisha?

Wengi wanaamini kisichoidhinishwa hakidaiwi. Sio hivyo. Deni linazaliwa na kazi iliyofanyika, kitufe kinaliandika tu. Lakini sheria hiyohiyo inasema ovataimu inafanyika kwa makubaliano, na isizidi masaa 50 kwa mzunguko wa wiki nne, kwa hiyo aliyebaki ofisini kwa hiari yake halafu akajaza masaa matatu atakuwa na kesi dhaifu, na aliyeambiwa na bosi "maliza hiyo ripoti leo leo" ana kesi nzuri, hasa kama iliandikwa. Ujumbe wa WhatsApp wa bosi saa kumi na moja jioni unaosema usiondoke kabla hujamaliza ni mali, uhifadhi. Ikishindikana kabisa kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 tangu mgogoro uanze, siku hizo hazikusubiri ukasirike vizuri.

Na sio kila mtu anadai ovataimu. Wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na vifungu hivi vya masaa, kwa hiyo meneja anayejaza taimushiti mara nyingi anajaza kwa ajili ya mradi ujue muda wake umeenda wapi, sio kwa ajili ya kulipwa zaidi.

Kingine, ovataimu inakatwa kodi. PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, inaihesabu kama mshahara, na kile kipande kinachovuka 520,000 kwa mwezi mpaka 760,000 kinakatwa 20%. Kwa hiyo ukihesabu 148,500 ya masaa yako 33 usitegemee yote mkononi, na sio mfumo umekula.

Ninachofanya mimi na ninachowaomba walio karibu nami wafanye ni kitu kidogo. Kabla ya kubonyeza Sabmiti piga skrinishoti ukurasa wenye jumla. Salari slipu ikitoka weka viwili pembeni kwa pembeni, masaa ya kawaida, ovataimu, usiku, sikukuu. Kama hazilingani una karatasi mkononi na swali lako ni "mstari wa tarehe 14 umeenda wapi," swali hilo nikiulizwa mimi nalijibu kwa dakika tano. Swali la "mbona mshahara mdogo" linanichukua siku nzima na linaniumiza kichwa kwa sababu nataka kumsaidia mtu na sijui pa kuanzia.

Mzee wa getini alikuja dirishani kwangu Jumatatu asubuhi akitoka zamu, bado ana koti la usiku. Tukakaa. Nikaomba zile zamu zifunguliwe, msimamizi akazirudisha, mzee akaandika upya mwenyewe kwa kidole kimoja, zamu 11, mimi nimekaa pembeni bila kugusa kibodi. Aliandika 18:00, akafika kwenye kutoka akasita, akaniuliza, "Hii sita ni ya kesho yake, sio?" Nikamwonyesha sehemu ya tarehe ya kutoka. Msimamizi alizisoma moja moja safari hii. Alichokatwa kililipwa wiki ile ile nje ya peiroli, na posho ya usiku ikaja na mshahara wa Julai, mstari mmoja chini kabisa, malimbikizo Juni. Juzi nikipita getini nimeona ndani ya kibanda, juu ya ndoano ya funguo, amebandika kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: KUINGIA 18:00. KUTOKA 06:00. TAREHE YA KESHO.